Mume Aliyeletwa Chapwa kwa Fomu

Nesta, Mama Goodness,
Chapwa, Tunduma.

Kwa Mganga Mfawidhi.

Ndugu Daktari,

Pole na kazi za wodini. Mimi ni mama mtu mzima, muuza maharage, mwanakwaya wa sauti ya pili, na sijawahi kupeleka malalamiko ofisi yoyote, hata walipochimba mtaro mbele ya mlango wangu wakausahau. Leo nimelazimika. Namlalamikia muuguzi wako, Sista Ferista, yule anayewarudisha nyumbani wagonjwa ambao matibabu ya kuponya yamefika mwisho, ili wamalizie siku zao kati ya watu wao. Ni kazi nzuri, sikatai. Shida ni kwamba ameniletea mume.

1. Sista alimuuliza mgonjwa Efraimu nyumbani kwake ni wapi. Efraimu akajibu: Chapwa, kwa Mama Goodness. Ikaandikwa. Hakuna aliyeandika kwamba huyu mtu alivuka mpaka kwenda Nakonde miaka tisa iliyopita kufuata mchele, na mchele ukafika, yeye hakufika. Mimi nikivusha gunia moja la maharage hapo mpakani naulizwa limetoka wapi, ni la nani, linakwenda wapi, kisha linachomwa bambo kionekane kilichomo. Mwanamume mzima kapita kwa fomu ya ukurasa mmoja.

2. Sista alikuja kwangu kabla ya mgonjwa, akaniuliza kama nitampokea. Nikasema hapana. Akasema sawa mama, akaomba kuona choo. Nikasema hapana. Akasema sawa, akaanza kupima upana wa mlango kwa shubiri. Hapana ya tatu nilimpa wakati tunasogeza kabati pamoja ili kitanda kienee. Naomba hospitali inieleze huyu binti alisomea wapi.

3. Halafu akanifundisha kazi. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, kumsafisha kinywa kwa pamba, kuvuta dawa ya maumivu kwa bomba lisilo na sindano na kumdondoshea mdomoni, kisha kuandika saa. Sasa Ndugu Daktari, mimi nilikuwa na hasira yangu. Nimeilea miaka tisa, ilikuwa na afya kuliko mtu yeyote humu ndani. Jaribu wewe kumpaka mtu mafuta visigino huku umemkasirikia. Mkono wenyewe unaikataa hasira.

4. Dawa inafanya kazi, na hili ndilo kosa kubwa. Mwenye maumivu hunyamaza; huyu yamempoa, anaongea. Anakosoa uji. Anaikosoa kwaya yetu anayoisikia kupitia dirishani, tena anasema kweli, sauti ya pili inachelewa. Juzi alisimulia alivyokimbizwa na bata mzinga kule Ndalambo, nikacheka, na jirani yangu Mama Clement akasikia. Hujui hasara niliyoipata. Kina mama wa kanisani walikuwa wananiombea kila Alhamisi kwa jina, kama mke aliyeachwa. Alhamisi iliyopita walinipita, wakaenda moja kwa moja kwa dada anayeumwa goti.

5. Erica. Huyu ndiye mwanamke wa Nakonde. Sista alikaa na mimi, akakaa na mgonjwa, mwishowe ikaonekana kwamba na yeye aje kumwona. Anakuja kila Jumamosi na dagaa wa Mpulungu, ananiita ba mayo kama mama yake mzazi, nami namzidi miaka minne tu. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza, lakini kumgeuza Efraimu usiku na mchana kunamshinda mtu mmoja. Sasa tunapeana zamu. Jumamosi iliyopita alichelewa, nikajikuta nimesimama barabarani namtazamia. Mtu niliyemwombea mabaya tangu Goodness yuko darasa la pili.

Kwa hayo yote naomba gari la hospitali lije limchukue Efraimu, arudi wodini, na anwani yake isahihishwe. Sista Ferista naomba ahamishiwe stoo, ahesabu mashuka, kwa kuwa mashuka hayana kwao.

Nawasalimu wauguzi wote wa zamu, mlinzi wa getini aliyenishikia mwavuli, na familia yako Daktari, wakubwa kwa wadogo.

Wako katika kudai haki kwa upole,
Nesta, Mama Goodness.

N.B. Gari lisije. Barua hii niliianza jana. Leo tangu kupambazuka hajafumbua macho, na pumzi zake zinakwenda, zinasimama, zinakwenda tena. Erica nimempigia, yuko njiani. Jana jioni Efraimu aliniuliza kama namruhusu abaki hapa, nikamwambia hapa ni kwake, na sikuwa namdanganya. Sista alinifundisha kugeuza, kusafisha na kupima dawa. Kumuaga mtu hakunifundisha. Tafadhali mwambieni aje leo.