Ombi la Kukausha Ziwa Lililomeza Nyundo Yangu

Kwa Mwanangu Meneja wa Ziwa,

Nakusalimu kwa heshima, nami si mtu wa kusalimu ovyo. Mimi ni yule bibi aliyekutwa Jumamosi ameketi katikati ya njia yako. Nimesoma hadi darasa la tatu, lakini kulalamika sikufundishwa na mwalimu. Sikiliza basi.

Kwanza. Hapo mnapopaita ziwa palikuwa machimbo yetu ya mawe. Miaka kumi na tisa nimegonga kokoto mle chini, mpaka siku maji yalipobubujika tukakimbia, nyundo yangu ikabaki. Nyumbani huwa nasema nilitoka wa mwisho. Wewe nakwambia kweli: nilitoka wa kwanza, na kiatu kimoja.

Pili. Kibao chenu cha langoni kinasema ziwa limeletwa na mvua. Mjukuu wangu alikisoma kwa sauti, kisha akaniangalia kama anavyomwangalia muuza dawa ya kila ugonjwa. Maana tangu azaliwe namwambia shimo lile nililichimba mimi. Haya, tulikuwa watu mia mbili, na baruti ilisaidia kidogo. Lakini mvua haikushika nyundo.

Tatu. Mlinzi wako alinikanya nisiokote jiwe, eti naharibu mazingira. Mimi, niliyetoa mawe humo kwa malori!

Nne. Njia yenu mmeimwagia mawe makubwa, yanatukwaza wazee. Niliketi nipumzike, mikono ikaanza yenyewe kuyagonga, jiwe kwa jiwe. Mlinzi alinikuta na rundo zima la kokoto za nusu inchi, safi kabisa. Badala ya asante akaniita mharibifu. Mjukuu akajifanya hanijui. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu, mkaushe ziwa. Siku mbili zatosha. Mtoto akiiona nyundo chini ataniamini, kisha mrudishe maji yenu na bata wenu.

Wasalimie wote kazini, hata mlinzi. Mwambie ana sauti kubwa kuliko baruti.

Ni mimi,
Bibi Kokoto

Nimesahau: usikaushe. Nyundo nimeikuta chini ya kitanda changu, imeshikilia mguu wa kitanda uliovunjika. Kumbe siku ile nilikimbia nayo, nikaacha kiatu. Mjukuu amejaribu kuiinua kwa mkono mmoja, ikamshinda. Akasema, "Bibi, kumbe ni kweli." Jumamosi tunakuja wote wawili. Mawe makubwa yaacheni njiani, safari hii naja na nyundo.