Bei ya Kilo Moja ya Kinyesi cha Popo

Tangazo lilibandikwa kwenye lango la jengo la bima saa mbili asubuhi. Kufikia saa mbili na dakika tano Mtaalamu alikuwa ameshalisoma mara tatu, akalibandua, akalikunja na kulitia mfukoni, wengine wasije wakasumbuka kulisoma.

Utaalamu wake hasa ulikuwa wa nini, hakuna aliyejua, na yeye mwenyewe alikuwa akiubadilisha kadiri ya mahitaji. Mwezi huo alikuwa amepata mitumbani ovaroli jeupe la mfuga nyuki, pamoja na kofia yake ya wavu, na mtu mwenye vazi kama hilo hawezi kukaa nyumbani. Tangazo lilitaka kampuni ya usafi maalumu ya kuondoa kinyesi cha popo darini, juu ya ghorofa ya sita, maana harufu ilikuwa imezidi. Kila mzabuni alete dhamana ya kitu cha thamani. Atakayevurunda, dhamana yake itabaki pale pale.

Kitu cha thamani Mtaalamu hakuwa nacho. Mama mkwe wake alikuwa nacho: friji la kuuzia barafu na maji baridi.

"Mkwe wangu," alisema yule mama, akilifuta friji kwa kanga, "hili ndilo linalonilisha tangu marehemu aniache. Siku nne tu. Likirudi na kasoro, utahamia humo ndani wewe."

"Mama, hii zabuni iko mkononi. Bei ya usafi haiko kwenye uchafu, iko usoni mwa mteja. Mimi nasoma nyuso."

"Basi soma wangu," mama mkwe akasema, na Mtaalamu akatazama pembeni.

Siku ya kukagua eneo, Jumatano, walifika wazabuni wawili wengine ambao, kwa bahati mbaya, walikuwa na rafiki wa kuwapa habari. Walikuja na futi za kupimia, wakapima ukumbi, wakapima ngazi, wakaandika. Mtaalamu alisimama katikati ya ukumbi ndani ya ovaroli lake, mikono nyuma, akinusa. Karibu naye mfagiaji wa jengo, mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Ndoo, alikuwa akipiga deki taratibu kama mtu asiye na masikio.

Meneja wa jengo akamsogelea. Huyu alikuwa bahili wa kufunga mkasi wa ofisi kwa mnyororo.

"Mbona wewe hupimi?"

"Wanaopima mita wanasafisha sakafu, mzee. Mimi napima shida ya mteja."

"Na bei yako?"

Mtaalamu akausoma uso. Ulikuwa uso wa mtu anayetembelewa na wakubwa zake Jumatatu. "Kwa kilo. Kinachotoka darini kinapimwa hapa langoni, unalipia kilichotoka tu. Kisipotoka kitu, hunipi hata senti."

Meneja akajikaza asicheke. Mwaka uliopita alipanda ngazi akachungulia darini kwa tochi, akaona uchafu usiojaza hata karai. Naye Mtaalamu alikuwa na mfuko wa mchanga nyumbani, tayari kwa kuongeza uzito. Wakapeana mikono, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake.

"Ila mfagiaji wetu asaini kwamba mzigo umetoka darini na dari ni safi," Meneja akaongeza. "Bila saini yake hakuna malipo, na friji halitoki."

"Hata asaini mara mbili," Mtaalamu akasema. Friji likateremshwa kwenye mkokoteni, likakabidhiwa kwa Mama Ndoo, alifungie stoo.

Alhamisi Mtaalamu akapanda darini na mchanga wake. Popo walikuwepo, wamening'inia kwa amani. Chini yao sakafu ilikuwa inang'aa. Ungeweza kumwaga wali ukaula.

"Viatu, mwanangu!" ikasema sauti nyuma yake. "Ndiyo kwanza nimepiga deki."

Mtaalamu akautua mchanga wake, uliokosa cha kuchanganywa nacho. Kilo sifuri, malipo sifuri. "Mama, kinyesi kiko wapi?"

"Si nafagia kila Alhamisi? Mwaka wa kumi na moja huu. Wenye bustani wananunua, ni mbolea nzuri sana. Ila msimu huu hawajatokea. Nina magunia thelathini yamelala stoo."

"Kumbe ndiyo harufu yenyewe!"

"Ulidhani popo ananuka hivyo? Popo ni kiumbe msafi."

"Sasa nani aliyelalamika?"

"Mimi," akasema Mama Ndoo, akikamua tambara. "Kwa barua."

Mtaalamu alimtazama kwa heshima mpya. Wakapatana nusu kwa nusu: Mama Ndoo atoe mali, yeye atoe mgongo. Na kwa kuwa Meneja alikuwa ameketi langoni na mizani yake, akitazama ngazi ya mbele, ilibidi kila gunia lipandishwe kwanza kwa ngazi ya nyuma, ghorofa sita, ndipo literemke kwa ngazi ya mbele kama mzigo halali.

Tangu azaliwe Mtaalamu hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukwepa kazi. Jasho lilijaa ndani ya ovaroli la nyuki. Lakini tamaa haina adabu. Magunia yaliyopimwa yaliwekwa nyuma ya jengo kusubiri gari la taka, na Ijumaa mchana akajiuliza: gunia likishapimwa mara moja, nani amesema limechoka? Akaanza kuyapandisha tena. Gunia moja lenye kiraka chekundu lilipita mizani mara tano, mpaka Meneja akaanza kuliitikia kwa kichwa kama mtu anayemfahamu.

"Hivi hawa popo wanakula nini?" akalia Meneja, akiandika kilo nyingine.

"Wanakula usiku kucha, mzee. Nisimamishe kazi?"

"Jumatatu wakubwa wanakuja! Toa! Toa yote!"

Jumamosi alasiri magunia thelathini yalikuwa yamezaa tisini. Mtaalamu, mgongo umepinda, akampelekea Mama Ndoo karatasi ya kusaini.

"Kalamu haiandiki," akasema Mama Ndoo.

"Itikise, mama."

"Nimeitikisa. Inasema nusu haitoshi."

"Lakini tulikubaliana!"

"Kwa magunia thelathini. Hayo sitini mengine ni ya popo gani? Nimwite Meneja tuhesabu wote watatu?"

Mtaalamu alitazama langoni. Akaliwaza friji. Akauwaza uso wa mama mkwe, ambao safari hii aliusoma vizuri kabisa. "Unataka ngapi?" akanong'ona.

"Zote. Wewe rudisha friji la watu salama."

Kalamu ikaandika. Meneja akalipa akihema kana kwamba yeye ndiye aliyepanda ngazi. Bahasha ilikaa mkononi mwa Mtaalamu kutoka mezani mpaka mlango wa stoo, basi. Akalipakia friji kwenye mkokoteni, akajifariji njia nzima kwamba angalau hakupoteza kitu.

Mama mkwe akaufungua mlango wa friji. Akaufunga. Akakaa chini.

Siku nne lilikuwa limelala katika stoo iliyohifadhi magunia thelathini msimu mzima. Lilisuguliwa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Mteja wa kwanza alinusa barafu, akairudisha kwa mikono miwili.

"Una mpaka kesho jioni," mama mkwe akasema, na hakupandisha sauti. Mke wa Mtaalamu alikuwa ameshaanza kutoa vyombo vya ndani ya friji, shelfu moja moja, kama anayeandaa nafasi.

Mtu aliyeijua harufu ile kwa miaka kumi na moja alikuwa mmoja tu. Asubuhi Mtaalamu alimkuta ukumbini anapiga deki.

"Shikamoo, mama. Lile friji... inatoka ile harufu?"

"Marahaba. Inatoka. Dawa yake naijua mimi." Mama Ndoo hakuuliza ukubwa wa friji. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono, akamtazama usoni, akamtazama tena.

"Hupimi?" Mtaalamu akauliza kwa sauti ndogo.

"Wanaopima mita wanasafisha sakafu, mwanangu." Akaelekeza kidole nyuma ya jengo. "Wenye bustani walijitokeza jana. Magunia thelathini yafike kwao, kule juu kilimani. Kwa mgongo."

Mtaalamu akainamisha kichwa, akageuka kwenda kuyafuata.

"Na hilo ovaroli livue, liache hapa," Mama Ndoo akamwambia. "Jengo la jirani nimeshawaandikia barua kuhusu popo wao."