Kodiani Saa ya Zaburi

Jumanne, 14 Oktoba 1986

Televisheni imenivua nguo. Watu wa kisiwa chetu cha Torran hupewa dakika kumi tu kwa wiki kwenye televisheni ya mkoa, na leo zilikuwa zangu, Torquil Beaton. Nilivaa suti ya marehemu baba. Nilichana nywele mara mbili. Mgeni wangu alikuwa Mzee Finlay, mlinzi wa kituo chetu cha redio, na kondoo wake dume aliyeshinda kwenye maonyesho.

Kondoo alikula karatasi zangu za maswali. Nilipoigeukia kamera nikitabasamu, akanipiga kwa nyuma. Nikaingia mzima mzima kwenye birika la kunyweshea kondoo. Mkoa wote umeona. Mzee Finlay, badala ya kunivuta, akaanza kumkagua kondoo pembe, eti nisije nikawa nimemuumiza!

Na siku yenyewe ndiyo Bi Fenella Urquhart kashuka kwenye feri kutoka ofisi ya utangazaji ya mkoa, Inverness. Amepanga chumba kwa mama yangu. Kwenye chai, huku akipaka siagi kwenye skonzi, akatuambia kwamba Torran ina watangazaji wawili wa jioni, na mmoja anatosha. Jumatatu atataja jina. Atakayebaki nje ya jioni atasoma ratiba ya feri alfajiri, kabla hata kuku hawajaamka.

Wawili wenyewe ni mimi na Ishbel Gillanders. Ishbel! Jumamosi jioni anapiga muziki wa kodiani saa nzima, na hasemi neno hata moja. Huo nao ni utangazaji?

Feri sisomi. Nimeapa.

Jumatano, 15 Oktoba

Kipindi changu leo: "Kondoo wa Wiki." Nimezungumza saa nzima kuhusu ugonjwa wa kwato, bila kupumzika, bila muziki, bila upuuzi. Nimerudi nyumbani nikamkuta Mama amelala kitini mdomo wazi, redio ikiwa bado inanguruma. Alipoamka akasema kipindi kilikuwa kizuri sana, amepumzika vizuri. Akauliza kwa nini sichanganyi na wimbo mmoja hivi, kuwaamsha watu.

Mama mzazi, jamani!

Nikaona nijipigie debe mwenyewe. Nikaenda kwenye kibanda cha simu pale gatini, nikaweka leso mdomoni, nikapiga kituoni kwa sauti ya bibi kizee wa upande wa kaskazini. Bi Urquhart akapokea. Nikamsifu Torquil Beaton hadi nikajionea haya. Akaniuliza jina. Sikuwa nimejiandaa. La kwanza lililonijia ni Peigi Nicolson, nikalitaja na kukata simu.

Niliporudi kituoni, Mzee Finlay alikuwa anamweleza Bi Urquhart kwamba Peigi Nicolson tulimzika Pasaka. Akanigeukia, akasema, "Si wewe mwenyewe uliyelisoma tangazo la msiba, Torquil? Tena ulilisoma vizuri."

Bi Urquhart akasema basi mashabiki wangu wanatoka mbali.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siku ya kufunga. Wiki ya Meza ya Bwana, yaani ya ushirika mtakatifu, imeanza, maduka yamefungwa, kila nyumba ina wageni wa kanisa. Kwetu wamekuja wajane wawili, dada kwa dada, wa kutoka kisiwa cha pili. Wamevaa nyeusi kuanzia kofia hadi soksi. Nimewapisha kitanda changu. Nalala jikoni na paka.

Lakini ni kwenye hilo godoro la jikoni ndipo akili yangu ilipofunguka. Mashine!

Siku ya Bwana hakuna mtu wa Torran anayefanya kazi, hata ya kubonyeza kitufe. Kwa hiyo Jumamosi mchana mashine ya kituo hulishwa kanda mbili: kushoto kodiani ya Ishbel ya Jumamosi saa moja jioni, kulia ibada ya zaburi ya Jumapili saa nne asubuhi, ambayo naiandaa mimi. Mzee Finlay anafunga mlango, na mashine inajiendesha yenyewe. Hata majina yetu inataja yenyewe, imeyahifadhi tumboni: "Sasa mko na Ishbel Gillanders." "Sasa mko na Torquil Beaton."

Basi. Nikihamisha tu kanda ya kulia kwenda kushoto, na ya kushoto kwenda kulia, Jumamosi jioni mashine itasema mko na Ishbel, watu watavuta meza pembeni wacheze, halafu zitoke zaburi! Watamwona Ishbel hajui hata kanda yake. Saa tatu narudi, nazirudisha mahali pake, Jumapili zaburi zangu zinatoka kama kawaida. Nani atajua?

Nimecheka peke yangu. Paka ameniangalia vibaya.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ishbel kaniletea chupa ya jamu. Ya rubabu, ule mmea mchachu wa huku, ameipika mwenyewe. Akauliza mgongo unaendeleaje tangu yule kondoo. Akasema hata yeye halali, anafikiria Jumatatu, kwa sababu kuiandaa hiyo saa moja ya Jumamosi ndiko pekee kunakomtoa nyumbani tangu mumewe afariki. Akasema lolote litakalokuwa, tusichukiane.

Ananikera mwanamke huyu! Mtu unajiandaa kumtilia mchanga kitumbua chake, yeye anakuletea jamu.

Nilikaa na ile chupa jikoni muda mrefu. Nilifikiria kuacha. Kisha Mama akapita, akaonja kwa kijiko, akasema mikono ya Ishbel imebarikiwa kwa kila kitu, na kwamba ningekuwa na akili ningemwoa badala ya kushindana naye.

Sikuacha.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kanda nimezihamisha. Mchana, Finlay akiwa nje anazungumza na kondoo wake. Nimezaliwa kwa kazi hii.

Saa moja jioni tulikuwa sebuleni: Mama, wajane wawili, Bi Urquhart na mimi. Mashine ikasema, "Sasa mko na Ishbel Gillanders." Kimya. Kisha sauti ya mwimbishaji ikapanda peke yake, ikatoa mstari wa kwanza, na kanisa zima likamwitikia kama bahari inayorudi ufukweni. Nikajiuma shavu nisicheke. Nikasubiri manung'uniko.

Mjane wa kwanza akatoa leso. Wa pili akasema, hatimaye, hatimaye kuna mtu redioni mwenye hofu ya Mungu, aliyekumbuka hii ni wiki gani. Mama akalia. Simu ikalia. Mchungaji! Anamtafuta Bi Urquhart, anataka kumshukuru Ishbel kwa niaba ya wazee wa kanisa, kwa kuacha ngoma zake usiku wa kuamkia Meza ya Bwana bila kuombwa na mtu.

Nilisahau wiki ya ushirika. Mimi! Niliyefukuzwa kitandani mwangu na hiyo hiyo wiki!

Hamna neno. Zaburi zangu za kesho zitawafunika wote. Naenda kwa Finlay kuchukua ufunguo. Dakika tano tu.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika kwa penseli, pazia limefungwa. Mama akiniona nimekwisha.

Nilimkuta Finlay na wageni kumi na zaidi, wamepiga magoti sebuleni, kila mmoja amekumbatia kiti. Ibada ya nyumbani. Ufunguo nauona, unaning'inia kwenye mkanda wake. Nikapiga magoti. Nilidhani ni sala moja. Wapi! Akimaliza huyu anaanza yule, na kila mmoja anawaombea wagonjwa wote wa kisiwa chake kwa majina. Magoti yakafa ganzi. Wa mwisho alikuwa Finlay mwenyewe, akaniombea mimi, kirefu, akilitaja birika. Aliposema amina, saa ya ukutani ikaanza kugonga. Mara kumi na mbili: saa sita usiku.

Nikamwomba ufunguo. Akauficha kwa kiganja. "Torquil, mwanangu," akasema, "sasa hivi ni Siku ya Bwana. Ufunguo nao unapumzika."

Nililia njiani. Nasema ukweli, nililia.

Sasa, Torran hakuna anayewasha redio Jumapili. Watu huiwasha Jumamosi kabla ya kulala, wanaweka sauti sawa, na asubuhi inasema yenyewe bila mtu kutenda dhambi. Kwa hiyo saa nne asubuhi, kila nyumba ya kisiwa hiki, Biblia zikiwa zimefunguliwa, ilisikia, "Sasa mko na Torquil Beaton, katika ibada."

Kodiani! Kodiani mbili na fidla! Ile ngoma ya haraka kuliko zote, yenye watu kupiga kelele na kugonga sakafu kwa viatu!

Niliruka kuizima. Mama akasema bila kuinua sauti, "Ukigusa kitufe hicho leo, usiniite mama tena." Nikasema basi nichomoe waya tu. Akasema waya na kitufe ni ndugu. Nikajaribu kumsukuma paka kwa mguu kuelekea kwenye waya, kwa sababu paka hana dhehebu. Akalala juu yake.

Saa nzima! Tumekaa wima, macho kwenye kitabu. Bi Urquhart ameweka leso mdomoni, mabega yanatikisika. Ngoma ya tatu nikachungulia chini ya meza. Mjane wa kwanza, kiatu chake cheusi kinagonga. Taratibu, lakini kwenye mdundo. Wa pili naye, visigino vyote viwili. Na Mama! Mama yangu mwenyewe, vidole ndani ya ndara!

Kanisani hakuna aliyenisemesha. Habari za dunia hazizungumzwi leo. Wamenitazama tu, benchi baada ya benchi, mdomo umefungwa, na mimi nikijua wanajiwekea akiba ya kesho. Afadhali wangenipiga.

Jumatatu, 20 Oktoba

Akiba imetolewa.

Kutoka nyumbani hadi kituoni nimesimamishwa na kila mwenye ulimi. Mzee mmoja wa kanisa amenionya kuhusu jehanamu, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini ile ngoma ya pili inaitwaje. Watoto wameicheza mbele yangu barabarani.

Kituoni, Bi Urquhart akauliza nani alilisha mashine. Nikasema unyevunyevu. Hewa ya Torran, kanda huvimba, huhama. Finlay akasema ni kweli hewa ni mbaya, kwa maana Jumamosi aliniona dirishani nikizibeba kanda mbili mkononi, moja huku, moja huku, akadhani napangusa vumbi. Akasema hakutaka kunikatiza, ni nadra kuniona nikifanya usafi.

Uso ulinishuka. Nikajua sasa nafukuzwa kabisa.

Na nani alisimama kunitetea? Ishbel. Akasema mtu aliyepigwa na kondoo Jumanne na kulala jikoni wiki nzima anaweza kuchanganya chochote, na kwamba yeye mwenyewe amewahi kusahau viatu vyake kwenye feri. Akaomba nisiondolewe. Niliangalia sakafu. Mtu akikuchukia, unajua la kumfanya. Huyu nimfanyeje?

Bi Urquhart akatoa hukumu. Kodiani ya Ishbel ndicho kipindi cha kwanza katika historia ya mkoa kusikilizwa na kisiwa kizima hadi mwisho, hata kama ni kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzima. Na wazee wa kanisa wanamtaka Ishbel huyo huyo, kwa zaburi za Jumamosi. Kwa hiyo Ishbel amepewa jioni zote. Na Jumapili. Na dakika kumi za televisheni.

Mimi, feri.

Nyumbani nilimweleza Mama. Akanimiminia supu, akanipa viazi vikubwa kuliko vya wageni. Akasema nisijali, ratiba ya feri ni kazi ya heshima, kila mtu huiamini. Kisha akasema, na nzuri zaidi, ni fupi.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeamka gizani. Nimesoma: feri ya Inverness itaondoka saa moja asubuhi, bahari ina mawimbi ya wastani. Nikamaliza. Nikakaa peke yangu nikitazama kipaza sauti. Basi? Ndiyo hiyo tu? Sikutaja hata kondoo mmoja.

Nilitaka kukata tamaa. Nilikula jamu ya Ishbel kwa kijiko, chupa nzima, kwa hasira. Tamu, tena.

Halafu akapita mwenyewe, ana furaha, macho yanang'aa. Jumamosi anakwenda Inverness na Bi Urquhart, kupigwa picha za televisheni na kutia sahihi. Wanaondoka na feri ya saa moja. Akaniambia watanisikiliza alfajiri wakiwa bado wanafunga mizigo, kwa sababu bila Torquil hakuna mtu Torran anayetia mguu gatini.

Ngoja kwanza.

Rudia hapo.

Nikisema feri ya saa moja imeahirishwa hadi saa tano, nani atabisha? Mama kasema mwenyewe, kila mtu huiamini! Watafika gatini saa tano, feri iko Inverness. Jumapili feri hazitembei. Ishbel atakosa picha, na Bi Urquhart atakwama hapa kwetu siku mbili nzima, chumba cha juu, karibu nami, apate nafasi ya kunifahamu vizuri.

Hakuna kinachoweza kuharibika. Nimeanza kunywa maji ya asali kwa ajili ya koo. Mama ananiita huko chini, anapiga kelele kuhusu sanduku lake. Anasema Jumamosi ana daktari wa meno Inverness saa sita, na amengojea zamu hiyo tangu Aprili, nimwambie feri yake ni saa ngapi.

Nitamjibu baadaye. Sasa hivi nina kazi.