Ombi la Kuhamishwa Kutoka Nyumba Isiyojua Kugombeza

Kwako Mheshimiwa Mratibu wa Mpango wa Kubadilishana Wanafunzi,

Shikamoo. Tafadhali ipokee hii shikamoo kwa mikono miwili, maana huku nilikokuja hakuna wa kumpa. Nilikuja nazo nyingi na zinaniharibikia.

Barua yako nimeipata. Umesema mama mwenyeji wangu amekupigia simu, kwamba sina raha, kwamba naishi kwao kama niko hotelini, na kwamba nikueleze ukweli wote kwa maandishi, la sivyo utakuja Jumamosi na gari unihamishie kwa familia nyingine. Mheshimiwa, la sivyo ya nini tena? Wewe njoo tu.

Ila hapo kwenye hoteli naomba nijitetee. Lugha ya huku nimejifundisha mwenyewe, kwetu haina mwalimu. Mjomba wangu ni mlinzi wa nyumba ya wageni, akaniokotea kitabu cha kufundishia wahudumu wa mapokezi, kimeshang'oka jalada, na mimi nikakimeza chote mpaka ukurasa wa malalamiko ya taulo. Sasa siku nafika, mama mwenyeji kafungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, mimi hapo na begi langu nikasimama wima nikamwambia, "Karibu sana, mama. Utakuwa nasi kwa siku ngapi?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Asubuhi baba mwenyeji akaniuliza nimelalaje. Nikamjibu, "Huduma ni nzuri, nitawaeleza na wenzangu." Yeye hakucheka. Alimwangalia mkewe. Nadhani ile simu uliyopigiwa ilianzia hapo. Mimi sikuwa na nia mbaya, Mheshimiwa. Ni vile tu kitabu kile hakikuwa na ukurasa wa mtu aliyekumbuka kwao.

Haya, nimejitetea. Sasa zamu yangu ya kushtaki. Nakuandikia kwa lugha yetu kwa sababu na wewe ni mtu wa kwetu, haya mambo utayaelewa bila kutafsiriwa.

1. CHAKULA. Hawa watu wanauliza mara moja. Mara moja, Mheshimiwa! Mama mwenyeji aliinua bakuli akaniambia, "Nikuongeze?" Mimi kama mtoto niliyelelewa nikasema, "Asante, nimeshiba." Wewe unajua na mimi najua kwamba hapo bado hatujaanza mazungumzo. Pale mtu mzima anatakiwa aseme, "Umeshiba nini wewe, mbona hujala?" Mimi nikatae tena kidogo, yeye aninyang'anye sahani kwa hasira anijazie. Badala yake akasema "Sawa," akafunika bakuli, akaliweka kwenye friji. Nililisindikiza kwa macho kama mtu anayeagana na ndugu yake kituoni. Nililala na maji ya bomba tumboni, yanacheza kila nikigeuka.

Nilimpigia mama yangu mzazi kumweleza. Unajua alivyonijibu? "Usituaibishe huko. Wakikuuliza mara moja, na wewe kubali mara moja. Kwani mdomo una kutu?" Yaani hata mzazi wangu keshaenda upande wao.

2. UFUNGUO. Sijavua hata sweta, wakanikabidhi ufunguo wa nyumba. Nyumba nzima! Mimi ambaye kwetu siaminiwi na rimoti. Tangu hapo sitembei kama watu, natembea mkono mfukoni, kila baada ya nguzo naugusa kama bado upo. Nikaona mzigo huu siuwezi, nikamwendea baba mwenyeji kwa heshima, nikamwomba anitunzie. Yeye ni fundi wa kufuli na vitasa. Akanisikiliza vizuri sana, akatikisa kichwa, akaenda kwenye mashine yake, akanichongea wa pili. "Ukipotea huo, utakuwa na huu." Kwa hiyo hivi tunavyoongea nina mizigo miwili, mifuko yote imejaa, na sina hata mkono wa kujikunia pua.

3. INSPEKTA. Hili ni jina nililompa mimi mtoto wao, ana miaka sita na amepungukiwa meno ya mbele. Hufungua mlango wangu alfajiri, anasimama, ananikagua, anaondoka. Nikikosea neno ananisahihisha, nikilipatia ananipigia makofi kama vile nimeruka kamba. Hayo nayavumilia. Nisichovumilia ni mambo ya ngazini. Kila jirani anayepita anamsimamisha na kumwambia, "Huyu ni dada yangu. Ni mpya. Kufungua dirisha bado hajui." Mheshimiwa, nani alikaa kikao cha kunifanya dada? Mimi fomu nilizojaza zilisema mwanafunzi. Juzi amemwambia hayo hayo mzee wa ghorofa ya juu, yule mzee akanipa mkono akanipongeza! Napongezwa kwa undugu ambao sikuuomba, na mbaya zaidi nikajikuta namjibu "Asante."

4. KUGOMBEZWA. Hapa naomba ukae chini kabisa.

Kwetu mimi nafua kwa mikono. Huku kuna mashine. Nilitaka kusaidia, nikaingiza nguo za watu wote, na kwa kuwa sabuni ya kufulia sikuiona, nikamimina ya vyombo, nusu chupa, nguo zitakate. Povu lilianza kutoka taratibu kama linachungulia. Halafu likatoka lote. Likavuka mlango, likashika korido, likafika sebuleni likampita mbwa aliyelala, naye akaamka akiwa mweupe wakati yeye ni mweusi.

Mama mwenyeji akarudi kazini. Nilishajipanga: kichwa chini, mikono nyuma, machozi nimeyaweka karibu. Kwetu ningeelewa kinachokuja. Mama yangu angeanza na sabuni, akahamia kwenye bei ya umeme, akapita kwenye matokeo yangu ya hesabu, akawagusa ndugu wa upande wa baba mmoja mmoja, jirani akapunguza redio ili asikie vizuri, na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, angeniuliza, "Haya, umekula?" Ukiulizwa hivyo unajua yameisha na una mama.

Huyu wa huku akavua soksi, akakunja suruali, akaingia ndani ya povu akaniambia, "Pole. Kosa letu, hatukukuonyesha."

Kosa lao! Baba mwenyeji akaja, na yeye akaniomba radhi. Inspekta ambaye hana kosa lolote akaniomba radhi huku anateleza kwenye korido kwa tumbo. Nyumba nzima inamwomba radhi mkosaji. Nilikosa pa kuweka uso. Niliingia chumbani nikalia, na hata hapo wakagonga mlango kwanza kuuliza kama wanaruhusiwa kuingia kunibembeleza. Nikasema, "Asante, nimeshiba," maana ndilo lililokuja mdomoni. Wakaondoka.

Nimelichunguza sana tatizo hili. Mama mwenyeji ni dereva wa basi la mji. Nilipanda basi lake makusudi, nikakaa kiti cha nyuma yake, nikasema mtu anayeendesha basi lazima sauti anayo, labda anaiacha kazini. Gari likamchomekea mbele ghafla. Nikashika kiti, nikasubiri. Akasema, "Ana haraka, maskini." Mheshimiwa, nimehama nchi, nimevuka anga, nikaenda kuangukia kwa dereva pekee duniani asiyejua kutukana!

Sasa niambie, mtu asiyekugombeza utajuaje kama anakuhesabu? Mgeni hagombezwi. Mtoto ndiye anagombezwa. Hawa wanataka niwe mtoto wao lakini kazi ya kugombeza hawataki kuifanya. Huo si ni uvivu?

5. RANGI YA KORIDO. Kwa sababu ya lile povu, rangi ya ukuta ilibanduka, wakaamua kupaka upya. Tukiwa mezani wakanigeukia wote watatu. "Wewe unaonaje? Tupake rangi gani?" Niligeuka nyuma kuona wanaongea na nani. Nyuma kulikuwa na friji. Mimi maishani sijawahi kuulizwa naonaje na mtu mwenye ndevu. Nikafungua kitabu kichwani, nikatoa hii: "Chaguo la mteja ndilo chaguo letu." Wananisubiri. Uji unapoa, wananisubiri. Mwisho nikabanwa, nikasema njano.

Wamepaka njano, Mheshimiwa. Korido nzima. Ni mbaya! Ukipita ni kama umevikwa ganda la ndizi. Jirani wa chini amekuja kurudisha ngazi akaitazama akasema, "Ee." Na baba mwenyeji, badala ya kukaa kimya, akamwambia kwa sauti ya kujisifu, "Binti yetu ndiye aliyechagua." Kila nikienda chooni napita kwenye kosa langu. Leo wananiachia ukuta, kesho wataniuliza kuhusu paa, mwakani wataniuliza kama wauze nyumba, na mimi nitasema ndiyo kwa aibu tu, watalala nje na mbwa wao. Familia inayomsikiliza mtu wa miaka kumi na saba haiko salama. Nasema haya kwa kuwaonea huruma.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba moja kati ya haya:

(a) Unihamishie kwenye familia yenye walau mtu mzima mmoja anayefoka. Shangazi atafaa zaidi, hasa awe wa kuingia chumbani bila kugonga na kuuliza mbona kitanda kiko hivi.

(b) Likishindikana hilo, unirudishe kwetu. Mpango unaitwa wa kubadilishana, lakini mpaka leo sijaona nilibadilishwa na nani. Kama kuna mtu amekaa kitandani kwangu anagombezwa na mama yangu sasa hivi, mwambie anakula haki yangu na atoke.

(c) Hilo nalo likishindikana, uihamishe familia hii yote iende kwetu kwa mafunzo. Mama yangu amekubali kuwafundisha bila malipo. Nilipomwambia kwamba baba mwenyeji aliniomba radhi, alisema, "Mlete huyo baba hapa nimwone." Sijui alimaanisha nini lakini sauti ilikuwa tayari ya darasani.

Nimefikiri sana na uamuzi wangu ni thabiti. Begi limefungwa. Jumamosi utanikuta mlangoni.

Nisalimie wote ofisini kwako: dereva aliyenipokea uwanja wa ndege akaninunulia maji bila kuuliza mara moja wala mara mbili, mhasibu, mfagiaji, na yule dada wa mapokezi niliyemwelekeza namna ya kupokea wageni. Mwambie nilikuwa na nia njema, na taulo bado ni muhimu.

Ni mimi, mtoto wako kimkataba,
Mwanafunzi wa korido ya njano

N.B. Kabla sijafunga bahasha limetokea jambo. Karani wako amepiga simu hapa kuuliza kama safari ya Jumamosi ipo, nikamjibu mbele ya wote kwamba begi limefungwa, kwa hiyo wamejua. Mama mwenyeji alisema ni uamuzi wangu na wanauheshimu, akaenda kuosha chombo ambacho kilikuwa kisafi. Baba mwenyeji alisema funguo nibaki nazo zote mbili, hata nikiwa kwa hao wengine. Inspekta peke yake ndiye hakuheshimu uamuzi wangu. Alizunguka nyumba nzima, na sasa hivi hakuna kiatu cha kushoto hata kimoja humu ndani. Changu, cha mama, cha baba, mpaka ndala ya bafuni. Anaulizwa viko wapi, anafumba mdomo anaangalia dari. Baba amevua miwani anatafuta chini ya kabati, mama yuko uvunguni.

Jumamosi usije na gari. Ukitaka kuja, njoo kula, na ukiulizwa kubali mara moja, halafu uondoke peke yako. Mimi siwezi kusafiri na mguu mmoja.

Viko chini ya sinki, nyuma ya ndoo. Nimeviona. Nimevisukuma ndani zaidi.