Waraka wa Kufuta Msongo

Nina furaha kuujulisha umma kwamba msongo wa mawazo umefutwa katika kituo changu cha polisi, kuanzia paredi ya Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi. Umefutwa kwa Waraka Namba Tisa, nilioutunga mimi mwenyewe, mkuu wa kituo, bila msaada wa mtu.

Makao makuu walikuwa wamesikia kwamba askari wanaelemewa, wakataka takwimu. Nikajiuliza: polisi hushughulikiaje jambo lolote? Huliandika, hulichunguza, hulifungia. Basi nikaelekeza kwamba askari anayedai, au anayedaiwa, kuwa na msongo afike kaunta, atoe maelezo, alete mashahidi wawili waliouona msongo huo kwa macho yao, pamoja na kielelezo kimoja. Upelelezi ukiendelea, avuliwe mkanda na kamba za viatu, akae mahabusu kwa usalama wake. Daktari ataitwa kwa sahihi ya mkuu wa kituo, upelelezi ukishakamilika. Nikaongeza, kwa umakini nilionao, kwamba mwenye msongo haruhusiwi kutia sahihi hati yoyote.

Miezi mitatu, kesi sifuri. Makao makuu wakanitumia cheti, nikakitundika ukutani nyuma ya kiti changu.

Usumbufu ulikuwa mmoja tu, koplo wa kaunta, anayenifuata kwa cheo kituoni. Mama huyu ndiye aliyewatoa watoto kwenye basi la shule lililopinduka. Tangu siku hiyo mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na kitabu cha matukio kikawa kama kimeparurwa na kuku. Alikuja ofisini na kiatu kidogo chekundu, akaomba daktari.

"Hiki ni kielelezo cha kesi ya ajali," nilimweleza kwa upole. "Kielelezo kimoja hakitumiki kwenye majalada mawili. Na mashahidi wako?"

"Waliokuwepo hawawezi kuja, afande."

Nikaandika kwamba koplo hana msongo, nikalifunga jalada. Alirudi mara mbili zaidi. Maombi yake yote niliyahifadhi vizuri, maana mimi si mtu wa kudharau karatasi.

Mimi binafsi nilikuwa mzima wa afya. Ni kweli makao makuu walitangaza kuja kukagua mafanikio yangu, na wiki hiyo nyumbani nikakaza nidhamu kidogo. Binti yangu alipiga saluti kabla ya chai. Mama mkwe nilimkagua kucha. Mlango wa jikoni ulipogoma kufunguka, nikaupiga mateke mpaka ukatii. Huo ni uongozi tu.

Siku ya ukaguzi, saa tatu asubuhi, nikasikia sauti ya mke wangu kaunta. Alikuwa na mama yake na binti yetu, na mkononi kashika kitasa cha mlango wa jikoni.

Nikamwomba twende nyumbani tukazungumze.

"Tumezungumza mpaka nimechoka, baba watoto," alisema. "Leo utaandikwa."

Koplo aliandika polepole, mkono ukicheza, lakini hakuruka kifungu hata kimoja. Mashahidi wawili, kielelezo kimoja: kesi ya kwanza kutimiza masharti. Akaomba mkanda wangu. Akaomba kamba za viatu. Nilipomfokea, akaandika kwamba nimefoka.

Mahabusu nilimkuta mwizi wa kuku, akanisogezea nafasi. "Karibu, mkubwa," alinong'ona. "Huko pembeni usikae, kuna kunguni."

Nilikuwa naogopa, sifichi. Nikadai daktari kwa sauti ambayo sikuitambua kuwa yangu.

"Anaitwa kwa sahihi ya mkuu wa kituo," koplo alisema. "Na wewe huruhusiwi kutia sahihi, afande. Kaimu wako, kwa cheo, ni mimi."

"Lakini wewe pia una msongo!"

"Uliandika mwenyewe kwamba sina."

Akatia sahihi. Saa tano daktari akafika, pamoja na wakaguzi wa makao makuu. Nikasimama nyuma ya nondo, nimeishika suruali isianguke, nikamwita. Daktari alitazama karatasi, akanipita, akaingia na koplo ofisini kwangu. Nilimwona akimvutia kiti changu, chini ya cheti.

"Na mimi je?" nilipaza sauti.

Koplo alirudi mlangoni, kile kiatu mkononi.

"Jalada langu lilishafungwa, afande," alisema. "Lako, upelelezi unaendelea."