Profesa Apima Mzigo wa Saratani

Profesa hakuwahi kumfundisha hata kuku kuingia bandani, lakini miwani ilimkaa vizuri, na mjini miwani ni nusu ya shahada. Jumanne moja alijipumzisha kwenye benchi la kliniki ya saratani, kwa kuwa lilikuwa chini ya feni na hakuna aliyeuliza unaumwa nini. Akamwona binti mwenye koti jeupe akiwahoji watu waliopona: matibabu yaliwagharimu kiasi gani, sasa wanaishije. Binti alipokwenda kunywa chai, karatasi zake mbili, ya ridhaa na ya maswali, ziliondoka na Profesa bila kuaga.

"Kumbe kuna kupimwa ufukara," alijisemea akiwa kwa mpiga fotokopi. "Nitawapimia na mimi."

Mpango ulikuwa mwepesi. Kila aliyepona angehojiwa na kupewa alama za mzigo, na mwenye alama nyingi angelipwa fidia nono kutoka mfuko wa ng'ambo ambao haujazaliwa. Kufungua faili, elfu kumi tu. Tusimlaani bado, mpendwa msomaji. Soli za viatu vyake zilikuwa zimeanza kucheka.

Wa kwanza kupatikana alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo aliyeitwa Mama Vifungo. Saratani ya titi ilimwacha miaka miwili iliyopita, ila iliondoka na cherehani zake mbili kati ya tatu. Jumatatu alitakiwa kupigwa picha kuhakikisha haijarudi, na hela ya picha hakuwa nayo. Alikuwa anaogopa sana.

"Mama, tangu upone, kipato kimepungua?" Profesa aliuliza, kalamu juu.

"Mwanangu, kimepungua mpaka kimenisahau."

"Safi kabisa! Nne kati ya nne! Bado elfu kumi tu ya kufungua faili, fidia ije."

Mama Vifungo akakata uzi kwa meno, akamtazama. Tangu apone alishahojiwa na watafiti sita, na maswali hayo aliyajua kuliko walioyatunga. Kati ya hao sita hakuna aliyemwomba hata senti. Wote ndio waliompa yeye nauli, tena kabla ya swali la kwanza.

"Nina wenzangu kumi na mmoja waliopona," akasema. "Niwaite kesho?"

Profesa akameza mate. "Waite, mama, waite."

"Ila wamezoea nauli kwanza. Elfu tano kila mtu. Asiyetoa nauli wanamwona tapeli."

"Tapeli!" Profesa alishika kifua kwa uchungu wa kweli. "Dunia imeharibika, mama yangu."

Kesho yake saa nne asubuhi chumba cha ushonaji kilijaa. Profesa aligawa noti huku roho ikimuuma na kumchekea kwa pamoja. Watu wakatia saini karatasi ya kwanza, ile ya ridhaa, naye akatia yake chini kwa mikogo ya waziri. Hakuwa ameisoma.

"Haya," akasema akisugua viganja, "sasa ada ya faili."

"Subiri kidogo." Dereva mstaafu, aliyepona saratani ya koo na kubaki na sauti ya kukwaruza, aliinua karatasi na kusoma: "Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu. Nauli aliyopewa hatairudisha." Akaishusha. "Basi mimi nimejitoa."

"Na mimi."

"Mimi pia, baba, nisamehe."

Wakajitoa wote kumi na wawili.

"Nakwenda polisi!" Profesa alifoka.

"Nenda, mwanangu," Mama Vifungo akasema. "Saini yako tutawapelekea."

Mmoja mmoja, wale kumi na mmoja wakaweka nauli zao mbele yake, juu ya sare ya shule iliyokuwa haijapindwa. "Ya picha yako," dereva akasema. Mama Vifungo akalia mbele yao wote, wala hakuona haya.

Profesa alikuwa ameanguka kwenye kiti, hana pa kwenda. Mama Vifungo akapenga kamasi, akachukua dodoso tupu na kalamu, akavuta stuli.

"Tuanze. Umeuza kitu chochote kwa sababu ya saratani?"

"Simu," Profesa akanong'ona. "Jana jioni. Nauli zenu."

"Akiba?"

"Imekwisha yote."

"Na unaona umebebeshwa mzigo usiostahili?"

"Mama, sana!"

Akajumlisha, akampa karatasi.

"Umetushinda wote. Sasa inuka, umekalia suruali ya mteja."