Adhana kwa Jina la Nusaiba

Jumatatu, 10 Machi 2025

Siku njema kwangu. Mzee Abdulsamad, mwenye redio yetu hapa Keko, ametangaza kwamba baada ya Idd atamteua Mkuu wa Mitambo. Tuko wawili: mie, mwenye miaka sita kazini, na Nusaiba, mwenye miezi minane. Nimemwonea huruma binti wa watu. Mama nimeshampigia simu, naye keshawaambia majirani.

Jumanne, 11 Machi

Kompyuta ya studio ni ya mfumo wa Unix, kongwe, yenye masharti. Sauti haitumiki mpaka mtu aichukue kwa jina lake. Akishaichukua, wengine wote wanakataliwa hadi aandike "deallocate audio" kuiachia. Maikrofoni nayo hupitia humo humo. Wanaoyajua haya ni mie na yule mwingine tu.

Akili ikanijia! Kwa cheo changu naruhusiwa kuchukua kifaa kwa jina la mtu mwingine. Kesho Nusaiba akishaondoka kwenda kwao Madale kupika futari, nitaichukua sauti kwa jina lake. Adhana ya magharibi, inayofungua matangazo ya jioni, itakwama. Kompyuta itamtaja mkosaji. Nitaingia taratibu, niiachie, adhana isikike. Uso wa ushujaa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo cha chooni. Mara tatu.

Jumatano, 12 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Magharibi ikaingia. Mwinshehe, mtangazaji wa jioni, akabonyeza adhana. Kimya. Kompyuta ikasema sauti iko kwa Nusaiba. Raha iliyoje! Nikaingia taratibu, nikaandika amri ya kuiachia. Ikanijibu kifaa si changu. Nikaandika tena. Si changu. Mara kumi na moja! Kumbe aliyeandikwa jina ndiye anayeachia. Mwinshehe akaniuliza kama nimewahi kuiona kompyuta.

Simu ikaita. Mama, kutoka Mtoni. Msikiti uko hatua ishirini toka mlangoni kwake, lakini hafuturu mpaka asikie redio ya mwanawe, na leo kaalika majirani saba wasubiri naye. Akauliza jua limezama au bado, maana wageni wameshika tende na wanamtazama yeye. Moyo uliniuma. Nikampigia Nusaiba.

Alikuwa anakoroga uji. Akaingia kwenye kompyuta yetu kwa simu yake, mkono mmoja, akaiachia sauti. Adhana ikasikika, dakika saba zimepita. Akaniambia kwa upole, "Kaka Mashaka, si ungeipokonya tu? Ruhusa unayo. Unaongeza -F kwenye amri." Nikamjibu nilikuwa nampima.

Alhamisi, 13 Machi

Mzee kaitisha kikao. Nikanyoosha kidole. Nikasema, kwa uchungu, kwamba sauti ilikuwa kwa jina la Nusaiba na Mwinshehe ni shahidi. Nusaiba alinitazama, kisha akachukua kalamu na karatasi.

Mzee akafurahi! Akasema miaka yote anatafuta mtu wa kuandikisha kifaa kwa jina lake na kukibeba kama mzigo wake, na huyu binti hata akiwa jikoni Madale sauti ya redio iko mikononi mwake. Hakuna haja ya kungoja Idd. Mkuu wa Mitambo ni Nusaiba.

Ningepingaje? Niseme ni mie niliyemwandika?

Jioni kaniachia karatasi mezani, amri ya kupokonya kaiandika yote, hatua kwa hatua. Anifundishe mie! Nimeikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa meza yangu inayoyumba.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi umeandama! Mama kawaambia majirani kwamba siku ile mwanawe alichelewesha adhana makusudi, ahakikishe jua limezama kweli. Mama anaijua thamani yangu. Kesho asubuhi Mzee Abdulsamad mwenyewe atafungua matangazo ya Idd kwa salamu zake. Mama kaalika majirani kumi na wanne.

Kosa langu lilikuwa dogo tu: nilimchagua mtu anayejua kompyuta. Leo matangazo yalipofungwa na Nusaiba akatoka kuutazama mwezi, nimeichukua sauti kwa jina la Mzee Abdulsamad. Yeye hata kuiwasha kompyuta hajui. Atakwama mbele ya Temeke nzima, na atakayemwokoa ni mie. Nimemwambia Mama asikilize vizuri.

Meza nayo imetulia kabisa juu ya ile karatasi. Nimeandika ukurasa mzima bila mstari hata mmoja kupinda.